Mtoto Aliyesema Ameguswa

Nilipoanza kufundisha chekechea Busia, upande wa Uganda, ukuta wa darasa langu ulikuwa umejaa maadili. Mwenye shule, ambaye sote tulimwita Mkurugenzi, alikuwa amemleta mchoraji akaandika kwa rangi nyekundu: UKWELI, HESHIMA, UPENDO, USAFI. Kila asubuhi watoto walisimama, wakafumba macho, wakayapigia kelele maneno hayo kama wauza nyanya wa stendi. Kusoma hawakujua. Walijua tu kwamba neno la kwanza ndilo linalopigiwa kelele kubwa.

Siku moja mtoto wa miaka mitano alisimama mbele yangu akatangaza, "Mimi ni mkweli!" Midomo yake ilikuwa inameremeta mafuta ya andazi alilolichukua kwenye mfuko wa mwenzake. Mwenzake alikuwa nyuma analia. Wengine wakampigia makofi msemaji, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha kwamba mtu akisema sentensi yake vizuri apigiwe makofi. Na mimi pia mikono ilikuwa imeshaanza kupiga. Niliiangalia ile midomo, nikauangalia ule ukuta, nikaishusha mikono. Nilikuwa nafundisha watoto wadogo kudanganya kwa sauti nzuri.

Nikawatoa nje.

Nyuma ya shule, upande wa njia ya Masinya, palikuwa na uwanja ambao zamani watu walichimba udongo wa matofali. Nilichora mistari miwili kwa majivu ya jikoni, mmoja huku na mwingine kule. Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Watoto wote wanasimama kwenye mstari mmoja, wawili wanakaa katikati. Nikipuliza kipenga, wote wanakimbia kuvuka. Ukiguswa na wa katikati, unanyoosha mkono unasema, "Nimeguswa," halafu unamshika mkono aliyekugusa na kuwa mmoja wao. Mnyororo unakua mpaka anabaki mkimbiaji mmoja. Sheria kubwa ilikuwa moja tu: hakuna mtu wa kukusema. Mwamuzi hayupo, ticha hasemi, mwenzako hasemi. Unasema wewe mwenyewe.

Tulicheza kwa Kiswahili kwa sababu darasani mwangu kulikuwa na watoto waliosema Lusamia nyumbani, wengine Kiteso, wengine Dhopadhola, na wachache ambao wazazi wao walikuwa wamevuka kutoka Kenya. Kiswahili hakikuwa cha mama wa mtu yeyote pale, kwa hiyo kilikuwa cha wote. Hilo neno "nimeguswa" wengi walilisikia kwangu kwa mara ya kwanza.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Waliguswa wakakimbia. Walishikwa mpaka mashati yakachanika, na bado wakaapa kwamba hawakuguswa. Kulikuwa na kutemeana mate. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulitarajia. Mtoto mmoja wa kike hakuna aliyetaka kumshika mkono.

Mama yake alikuwa akiuza mukene sokoni, wale dagaa wadogo wa ziwani wanaoanikwa juani. Mtoto alilala nyumba moja na magunia ya samaki, na harufu ile ilikuwa imeingia kwenye nywele zake, kwenye sweta lake, hata kwenye daftari. Alipokuwa sehemu ya mnyororo, wenzake walivuta mikono ya masweta yao ikafunika viganja, ndipo wakamshika. Wengine waliziba pua. Alikuwa amezoea. Alinyoosha mkono wake hewani akangoja, bila kumtazama mtu usoni, kama anayengoja mvua ipite.

Na nitasema ukweli: mimi pia ile harufu ilinishinda. Nilipokuwa namfunga kamba za viatu nilikuwa nazuia pumzi.

Mchezo ndio uliowaponya, mimi sikufanya lolote. Mnyororo usioshikana vizuri unakatika, na ukikatika wakimbiaji wanapita katikati wakicheka. Baada ya kupitwa mara kumi, kijana mmoja mnene aliyekuwa anapenda kushinda alichoka. Akakunja sweta lake mpaka kwenye kiwiko, akamshika yule mtoto kiganja kwa kiganja, akawafokea wengine kwa Kiswahili chetu cha mpakani: "Shika! Shika huyu vizuri! Yeye nakimbia kuliko wewe!" Ilikuwa kweli. Hakuna aliyemfikia kwa mbio darasani mwangu. Mwisho wa mwezi walikuwa wanagombania kusimama karibu naye, na viganja vyote vya darasa vilinuka mukene.

Yule mtoto wa mukene ndiye pia aliyekuwa wa kwanza kusema bila kubanwa. Aliguswa kisigino, kidogo tu, na aliyemgusa alikuwa ameanguka kifudifudi wala hakujua kama amemgusa. Yule mtoto alisimama ghafla, akanyoosha mkono juu, akasema, "Nimeguswa." Kisha akarudi akamwinua aliyeanguka. Wengine walimtazama kama mjinga. Lakini siku iliyofuata wakasema wawili, na iliyofuata wakasema wanne. Kufikia muhula wa pili ungeweza kukaa kwenye jiwe ukawatazama nusu saa nzima bila kusikia "wewe mwongo" hata mara moja. Nilifuta darasani zile kelele za asubuhi. Kama kuna kitu nimewahi kufanya vizuri katika kazi hii, ni miezi ile.

Kisha Mkurugenzi akauona mchezo.

Alikuja siku moja na mzazi mmoja mkubwa wa mjini, wakasimama pembeni wakatazama. Mzazi yule alifurahi. Alisema hajawahi kuona watoto wadogo wanacheza bila kupigana. Mkurugenzi akaniita ofisini siku hiyohiyo, akaniambia kwamba kutakuwa na siku ya michezo na maadili Tororo, shule za chekechea zitakutana, mgeni rasmi atakuja, na shule itakayoshinda itapewa kombe pamoja na bembea na ubao wa kuteleza. Alikuwa ameshazungumza na waandaaji. Mchezo wetu ndio ungechezwa.

"Lakini Mkurugenzi," nikasema, "huu mchezo hauna mshindi hasa."

"Ticha, kila mchezo ina mshindi. Tunaweka mwamuzi mmoja, inatosha."

Siku tatu kabla ya safari alinikuta uwanjani, akanivuta kando. Alikuwa anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, na kila aliposema aliitoa akaitazama ncha.

"Hao watoto wako nasema sana," akaniambia. "Mtu akiguswa nanyoosha mkono. Tororo watatumaliza. Waambie wanyamaze. Mwamuzi asipoona, hakuna kuguswa."

"Mchezo wenyewe ndio huo. Kusema."

"Ukweli ni ya darasani, Ticha. Uwanjani ni kushinda." Akairudisha njiti mdomoni.

Ningekataa. Nimefikiria mara nyingi jinsi ambavyo ningekataa, na maneno ninayo mpaka leo, mazuri sana. Lakini siku ile niliwakusanya watoto nikawaambia kwa sauti ya upole, ile sauti ya kinafiki tunayotumia walimu tunapotaka kitu kibaya kionekane kidogo, kwamba Tororo kutakuwa na mtu wa kipenga na yeye ndiye atakayekuwa anasema nani ameguswa.

Yule mtoto wa mukene akauliza, "Ticha, sasa sisi tukiguswa tufanye nini?"

"Mkimbie tu," nikasema.

Tulifika Tororo mapema. Uwanja ulikuwa chini ya lile jabali kubwa lililosimama juu ya mji, na upepo ulileta vumbi la kiwanda cha saruji lililokaa kwenye nyusi za watoto wakaonekana kama vizee. Tuliambiwa tuwapange mistari. Walisimama kwenye mistari yao saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mgeni rasmi alikuwa bado njiani. Hema lilikuwa moja, na lilikuwa la watu wazima. Mtoto mmoja wangu alijikojolea akiwa amesimama, mkojo ukaingia kwenye soksi zake nyeupe, na mwalimu wa shule nyingine akacheka akamwonyesha mwenzake kwa kidole.

Mgeni alipofika alipelekwa kwanza kula. Watoto walikuwa wanaona kila kitu. Waliona sahani za kuku zikipita, waliona mafuta yakichuruzika kwenye vidole vya waheshimiwa, waliona mifupa ikitupwa nyuma ya viti na mbwa wakiigombania. Mgeni alifuta mikono, akasimama mbele ya kipaza sauti, na kwa muda mrefu sana akazungumza juu ya kuwapenda watoto. Katikati ya hotuba alitoa kipande cha nyama kwenye jino kwa ukucha, akakiangalia, akakila. Nilikuwa karibu. Nilikiona.

Michezo ikaanza, na hapo nikawaona wapinzani wetu. Shule ile ilikuwa imeleta watoto wa chekechea wenye meno ya mbele ya utu uzima. Kaptura zao zilikuwa zimewabana mapaja, na mmoja sare yake ilikuwa imekatika kifungo kwa sababu kifua hakikutosha. Hao walikuwa wa darasa la tatu, kama si la nne. Mwalimu wao, mwanamke wa rika langu, alikuwa akiwanong'oneza wainame kidogo waonekane wafupi. Nilimgeukia Mkurugenzi nikitarajia atalalamika. Alikuwa anatabasamu. "Umeona?" akasema. "Kila mtu nacheza hivyo."

Mnyororo ulikuwa wao, wakimbiaji walikuwa wetu. Kwa makubaliano ya waandaaji, akivuka hata mmoja raundi ya mwisho bila kuguswa, tumeshinda. Watoto wangu walijitahidi. Walikimbia, na nilipowaona wanaguswa mabegani na mgongoni na kuendelea kukimbia kama nilivyowaambia, walikuwa wananitazama mimi. Si mwamuzi. Mimi. Mwamuzi aliwanasa karibu wote hata hivyo, kwa sababu wale wakubwa walikuwa wanawakumba mpaka wanaanguka.

Akabaki yule mtoto wa kike peke yake.

Alipita kushoto, akarudi, akainama chini ya mkono mmoja, akachomoka. Kijana wa mwisho wa mnyororo akanyoosha vidole vikamgusa mgongoni, kwenye sweta, kabla tu ya mstari. Nilikiona kitambaa kikibonyea. Mwamuzi alikuwa ameinamia simu yake. Aliinua kichwa akamkuta mtoto ameshavuka, akapuliza kipenga, akanyoosha mkono upande wetu.

Mkurugenzi alikwisha kuwa uwanjani, anacheza, koti linapepea. Walimu wenzangu wanapiga vigelegele. Na katikati ya kelele zile mtoto akasimama wima, mkono juu, akihema, akasema, "Nimeguswa."

Hakuna aliyesikia. Akavuta pumzi akasema tena, kwa nguvu, sauti yake nyembamba ikapenya mpaka hemani: "Nimeguswa!"

Kelele zikapungua. Mgeni rasmi akauliza, "Anasema nini huyo?"

Mkurugenzi alimfikia mtoto kwa hatua mbili, akamwekea mkono kichwani, akacheka kicheko kikubwa. "Mheshimiwa, hawa watoto Kiswahili bado najifunza. Nasema 'nimegusa.' Amegusa mstari! Anafurahi!" Watu wakacheka. Kisha, labda kwa sababu mtoto alikuwa anatikisa kichwa chini ya kile kiganja, akanigeukia. "Muulizeni ticha wake. Ticha, si anasema amegusa mstari?"

Mtu akaniletea kipaza sauti mdomoni. Kilikuwa kinanuka mate na kuku.

Mtoto alinitazama. Hakuwa na wasiwasi. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba alikuwa ametulia kabisa. Alijua nimeona, na alijua kwamba mimi ndiye niliyempa lile neno.

"Ndiyo," nikasema. "Anasema amegusa."

Sauti yangu ilitoka kwenye spika ikaenda ikagonga jabali ikarudi. Nilijisikia nikidanganya mara mbili.

Tulipewa kombe. Tulipigwa picha. Kwenye gari watoto waliimba mpaka Busia, na yule mtoto wa mukene alikaa dirishani akitazama nje. Nilipotaka kumsaidia kushuka, aliurudisha mkono wake kwenye sweta.

Jumatatu niliwatoa nje kama kawaida, nikachora mistari yangu ya majivu. Nikapuliza kipenga. Mtoto wa kwanza kuguswa alikuwa yule kijana mnene. Aliendelea kukimbia, akavuka mstari, akageuka akanyoosha mkono na kupiga kelele, "Nimegusa!" Wote wakaangua kicheko. Aliyefuata akafanya vivyo hivyo. "Nimegusa! Nimegusa mstari!" Walikuwa wanaguswa, wanakamatwa, wanavutwa, na wote wanapiga kelele zilezile kwa furaha, wakinitazama kuona kama ninacheka. Hawakuwa na ubaya wowote. Walidhani ndio mchezo mpya, nami ndiye niliyeuleta. Nilifuta mistari kwa kiatu nikawarudisha darasani.

Yule mtoto hakuja siku ile. Wala Jumanne. Jumatano nikaenda sokoni kumtafuta mama yake.

Alikuwa amekaa nyuma ya rundo la mukene, anapepeta vumbi. Aliniona, akafuta mikono kwenye leso, akanisalimia kwa heshima iliyonitia uchungu.

"Mulembe, Mwalimu. Karibu. Pole, mtoto naumwa kidogo. Kesho nakuja."

"Anaumwa nini, Mama?"

Akatazama chini. "Nilimchapa. Alirudi kutoka Tororo nasema ati ticha alidanganya mbele ya watu. Nikasema, mtoto gani naongea hivyo juu ya mwalimu? Nikamchapa aseme pole. Alikataa. Nikamchapa tena." Akainua macho. "Unisamehe. Sisi hatukumfundisha matusi."

Nzi walikuwa wametua kwenye samaki na mmoja akatua mdomoni mwangu. Sikumfukuza. Nilimwambia. Nilimwambia yote, kuguswa, sweta, kipaza sauti, neno lenyewe. Wanunuzi wawili waliokuwa wanangoja walisikiliza pia. Nilitaka anitukane. Soko lile linajua kutukana kwa lugha nne.

Hakunitukana. Akaanza kupima mukene wa mteja, kikombe baada ya kikombe, samaki wakimwagika. "Nimemchapa mtoto wangu kwa sababu yako," akasema hatimaye, bila kunitazama. "Nenda, Mwalimu. Mimi nitaongea na yeye."

Alhamisi mtoto alikuja. Niliwakusanya wote uwanjani, nikawaambia kwamba Tororo mwenzao aliguswa, kwamba alisema kweli, na kwamba mimi nilidanganya kwa sababu nilimwogopa Mkurugenzi na nilitaka kushinda. Watoto wa miaka mitano hawajui kukaa kimya kwa sababu ya uzito wa jambo, wanakaa kimya kwa sababu hawajaelewa. Mmoja aliuliza kama kombe litarudishwa. Mwingine aliuliza kama bembea pia. Nikasema nitajaribu. Hapo wakalia, karibu nusu yao, kwa ajili ya bembea ambayo hata haikuwa imefika.

Nilikwenda Tororo kwa bodaboda nikamtafuta yule mwalimu wa wapinzani. Nilimkuta anasahihisha vitabu. Nilipomweleza, alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Dada yangu, wale watoto walikuwa wa darasa la tatu. Wewe hukuona? Ukirudisha kombe, mimi nitaeleza nini? Nenda nyumbani." Akanipa chai. Alikuwa mtu mwema, kwa kila namna nyingine. Nilikunywa ile chai nikahisi nakunywa maji ya kuoshea vyombo.

Nilipomwendea Mkurugenzi wiki iliyofuata, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bembea imeshasimikwa kwa saruji na haiwezi kung'olewa, na kwamba kama dhamiri inanisumbua niandike barua ya kuacha kazi. Nikaandika. Nilimaliza muhula kwa sababu ya watoto. Wiki zile za mwisho walikuwa wanapanga foleni kwenye bembea, wanasukumana, wanateleza kwenye ubao wakipiga kelele za raha, na raha yao ilikuwa halali kabisa, wao hawakumwibia mtu. Mimi nilipitia mlango wa nyuma ili nisiione. Chini ya ukuta wenye UKWELI, Mkurugenzi alikuwa ameweka rafu ya kombe.

Baadhi yao walianza tena kunyoosha mkono wakiguswa. Si wote. Kijana mnene alinyoosha siku moja na siku nyingine akacheka tu. Sikuwa tena na uso wa kumwambia kitu.

Sasa nafundisha Masaba, nyumbani kwetu milimani, kwenye shule yenye watoto wengi kuliko kivuli. Nawachezesha kila siku jua likipoa. Hakuna aliyewahi kuja kututazama, na nikiona gari linapunguza mwendo barabarani, nakiweka kipenga mfukoni.

Mwezi uliopita nilikuwa Busia kununua chaki, nikakutana na yule mtoto na mama yake karibu na geti la mpaka. Amekuwa mrefu, yuko darasa la pili shule ya serikali. Mama alinisalimia vizuri, tukaulizana habari za mvua na mihogo. Mtoto alipiga goti kunisalimia kama watoto wa kike wa kwetu wanavyofundishwa, haraka, macho chini, akasimama, akaenda kumngojea mama yake upande wa pili wa barabara. Mama alitaka kumwita arudi.

"Mwache, Mama," nikasema. "Mwache tu."